Kiondo Kilichoshonwa Mdomo

Katoni namba kumi na nne ilikuwa wazi katikati ya sebule, na ndani yake hamkuwa na kitu cha maana. Mto mmoja wa kiti na magazeti ya mwaka jana, basi.

Inspekta Omolo aliinama akaupapasa ule mto kana kwamba ungemjibu, kisha akamtazama bibi kizee aliyeketi juu ya kreti ya soda. Viti vyote vilikuwa vimeshapandishwa kwenye lori.

"Siendi," bibi alisema. "Lori liende, nyumba ifungwe, mimi mtanikuta hapa hapa kwa kreti. Bila kiondo changu siendi Kajiado, na hata mbinguni siendi."

Huyo alikuwa Mbeke, mjane wa marehemu Musila, muuguzi mstaafu wa miaka themanini na miwili. Alikuwa ameishi katika nyumba hiyo ya vyumba vitano tangu enzi ambazo Kitengela ilikuwa nyasi tupu na pundamilia wakijikuna kwenye seng'enge za watu. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa anahamia nyumba ya chumba kimoja na jiko mjini Kajiado, kwenye makao ya wazee. Kabla ya kupanda lori alitaka kiondo chake akipakate njiani. Katoni ikafunguliwa mbele ya watu, na mto wa kiti ukatoka.

Askari wa doria walikuwa wamekwisha kumchukua mshukiwa. Majirani bado walikuwa langoni, mikono vifuani, wakionja utamu wa aibu ya mtu mwingine.

Omolo hakuwa na furaha. Mezani kwake kulikuwa na kesi tatu za mifugo na moja ya kisu, na yeye ametumwa kutafuta kikapu! Lakini binti wa bibi alikuwa amepiga simu kituoni mara sita, na mkuu wa kituo anapenda amani ya masikio yake.

"Jina?"

"Nzilani Musila. Mimi ni mwalimu. Huyu ni mama yangu. Nimekaa naye miaka kumi na miwili, tangu baba aage."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa sweta iliyofungwa vifungo vyote licha ya jua.

"Nani alipakia hii katoni, mwalimu?"

"Si huyo Elsie wenu mmebeba. Alikuja hapa na stika zake ati anasaidia wazee kuhama. Wiki tatu tu, na akawa mwenye nyumba. Mama akitaka chai, Elsie. Akitaka kuenda choo, Elsie."

"Kiondo kilikuwa na nini?"

"Vitu za zamani tu. Kofia ya mtoto, shali, hata ukiokota barabarani unaweza tupa. Sasa mtu akiiba kitu kama hiyo, si ni roho mbaya?"

Omolo aliandika yote. Alikuwa na tabia ya kuandika hata kikohozi cha shahidi, na wenzake walimcheka kwa hilo. Koplo Apondi, aliyekuwa akipaka unga wa kuchukulia alama za vidole, alitikisa kichwa.

"Afande, hii katoni imeshikwa kama mlango wa kanisa. Elsie, mwalimu, dereva, bibi mwenyewe. Alama hazitatusaidia."

"Peleka picha maabara hata hivyo," Omolo alisema. Kisha akaenda kituoni kumwona mshukiwa.

Elsie Nasike alikuwa ameketi wima kwenye benchi, aproni ya kijani bado kiunoni, karatasi ya stika ikichungulia mfukoni. Stika ya kijani ilimaanisha kitu kinahama na mwenyewe. Ya manjano, kinapewa watoto. Nyekundu, kinauzwa au kinatolewa kanisani. Hiyo ndiyo kazi iliyompa riziki, kwa sababu watoto wengi hawana nafasi ya kukaa chini na mzazi kuchagua sufuria, na wenye nafasi hawana subira.

"Umefanya hii kazi miaka mingapi?"

"Sita, afande. Nimehamisha wazee arobaini na mmoja. Hakuna hata kijiko kimepotea."

"Leo kimepotea kiondo."

"Leo kimeibwa kiondo. Si kitu kimoja."

Omolo alimtazama vizuri zaidi. "Nani alifunga katoni?"

"Mimi, Alhamisi, mbele ya Mama Mbeke. Nilipiga selotepu juu, halafu nikaweka sahihi yangu juu ya selotepu. Leo asubuhi sahihi ilikuwa bado mzima."

"Kwa hivyo ni wewe pekee ungeweza kuifungua na kuweka sahihi ingine."

"Haya, basi pindua hiyo katoni uone chini yake. Mimi mwenye sahihi niko na haja gani ya kupitia chini?"

Omolo alikohoa. Hakuwa ameipindua katoni, na hilo lilimuudhi kwa kuwa lilikuwa kosa la kurutu. Akabadilisha njia.

"Ndani ya kiondo mlikuwa na nini?"

Elsie akaisukuma karatasi ya stika mfukoni mpaka isionekane.

"Nimekuuliza."

"Hiyo siwezi kusema. Mama Mbeke aliniambia mimi, hakuambia polisi. Muulize yeye."

"Ukinyamaza unajichimbia shimo, dada."

"Afande, mzee anakufungulia kabati ya miaka hamsini. Unaona meno ya bandia, barua, nguo ya mtu alikufa. Nikitoa kitu kimoja nje, nani atanifungulia mlango tena? Na hata hivi sijui kama watafungua. Nimeitwa mwizi mbele ya mtaa mzima. Wazee wanaambiana kanisani. Kesho jioni habari itakuwa imefika Mashuuru. Kazi yangu imeisha, isipokuwa upate huyo mtu leo."

"Na nikikosa?"

"Basi utakuwa umenimaliza bila kunipeleka kortini." Akajifuta uso na aproni. "Nenda Kajiado uone pahali nilikuwa nimekiwekea."

Omolo aliondoka na simu ya Elsie kama kielelezo. Njiani, kabla ya Isinya, yake mwenyewe ikalia. Alikuwa mama yake, ambaye huishi Nkoroi kwa mdogo wa Omolo, Oyoo. Kwa dakika tisa alisikia vile Oyoo amemnunulia kiti cha kunyanyua miguu na vile mke wa Oyoo anapika samaki asiye na mwiba hata mmoja. Omolo ndiye hulipa dawa za mama kila mwezi. Za dawa hazikutajwa. Alikata simu akiwa ameuma meno, akaapa hatanunua hata panadoli, huku akijua kabisa kwamba Jumatatu atanunua. Wivu aliujua. Alikuwa ameishi nao tangu Oyoo azaliwe.

Nyumba ya Kajiado ilikuwa ndogo na safi. Mizigo ya kwanza ilikuwa imeletwa Jumatano, na Elsie alikuwa amekwisha kuipanga. Omolo alifungua picha kwenye simu ya Elsie. Meza ya kando ya kitanda ilivyokuwa Kitengela, ndivyo ilivyokuwa hapa. Kikombe kilikuwa pale pale, mafuta ya kuchua pale pale, Biblia ikiwa imelalia upande uleule, ili mkono wa bibi ukiamka kutafuta miwani usipotee. Ukutani palikuwa na rafu tupu yenye stika ya kijani, na juu yake maneno ya kalamu: *Kiondo. Mama huamka akiangalia huku.*

Inaweza kuwa ujanja, Omolo alijiambia. Lakini hata yeye hakuamini.

Mlinzi wa makao, mzee Ole Tipape, alimsubiri mlangoni na rungu lake.

"Sopa, afande."

"Ipa, mzee," Omolo aliitikia salamu ya Kimaasai. "Nani wamekuja kwa hii nyumba?"

"Ile mama ya stika alikuja na koko, huyo bibi yenu, Jumatano. Halafu jana, saa ya lunch, akakuja binti ya koko. Ile mwalimu."

"Alifanya nini?"

"Alipima chumba na miguu. Mara tatu. Akaniuliza, kitanda ya pili itakaa wapi? Nikamwambia, hapa ni ya mtu moja. Akakaa chini hapo kwa mlango." Mzee alikuna kidevu. "Halafu akauliza, wale wawili wakikuja, walikuwa wanaongea nini? Nikasema sijui, lakini walicheka. Walicheka sana. Ningejua, singesema."

"Kwa nini?"

"Ile uso yake, afande. Ni kama nilimchapa."

Omolo alirudi Kitengela akiendesha gari kwa fujo. Alimkuta bibi bado juu ya kreti, na Nzilani jikoni akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Alijisogezea ndoo, akaigeuza, akaketi mbele ya bibi na kusema polepole.

"Mama, Elsie amekataa kuniambia kilichokuwa kwa kiondo."

Bibi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Amekataa?"

"Kabisa. Yuko tayari kulala ndani."

"Basi nitakuambia mimi, mwanangu. Kabla ya Nzilani nilizaa mtoto mwingine. Mvulana. Alikaa miezi minane, akashikwa na surua, akaenda. Mimi nilikuwa nesi, nikamwona akienda mikononi mwangu. Kofia yake na shali yake nikaweka kwa kiondo, nikakishona mdomo. Musila alijua, naye ameenda. Watoto niliwaambia wasikiguse. Elsie nilimwonyesha wiki iliyopita, nikakishona tena."

"Elsie anaweza kuwa alimwambia mwalimu?"

"Hao wawili? Wiki mbili sasa hawaongei. Ni pita nipite."

Omolo alifungua daftari lake, lile la kuandika vikohozi, akalisoma mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko nyingi. *Kofia ya mtoto, shali.* Mwalimu alikuwa ametaja vitu ambavyo mtu hangevijua bila kukifungua kiondo.

Akaipindua katoni. Chini palikuwa na selotepu mbili, moja juu ya nyingine, na ya chini ilikuwa imepasuliwa kwa wembe.

"Mama, ulikishona kwa uzi gani?"

"Uzi wa katani, niliousokota mwenyewe pajani. Na fundo letu. Mwisho wa uzi unarudi ndani, huoni mkia. Mama yangu alinifundisha nikiwa msichana, huko kwetu Mbooni. Nami nimefundisha mtu mmoja tu."

"Elsie?"

"Elsie hata sindano ya kushona kifungo inamshinda."

Ushahidi ulikuwepo, lakini kiondo hakikuwepo, na bila kiondo mwalimu angekana mpaka kiama. Omolo alitoka nje akazunguka mizigo iliyobaki verandani, ile ya stika za manjano, urithi wa Nzilani. Kulikuwa na cherehani, meza ya kulia chakula, na friji kubwa. Katoni zote zilikuwa zimefungwa kwa nailoni ya buluu. Friji ilikuwa imezungushwa kamba ya katani.

"Njogu!" alimwita dereva wa lori. "Hii friji ulifunga wewe?"

"Zii, boss. Mimi natumia nailoni na selotepu. Hiyo niliipata ishafungwa asubuhi. Nikasema poa, mwenyewe amejisaidia."

"Ifungue."

Njogu aliitafuta ncha ya kamba. Akaitafuta juu, chini, nyuma. Akatoa jasho. "Boss, hii kamba haina mwisho. Wacha nilete kisu."

"Usikate. Mwalimu! Kuja utusaidie hapa."

Nzilani alitokea akijipangusa mikono. Alipoona mahali Omolo alipokuwa amesimama, alipunguza mwendo, lakini alisogea.

"Fungua hii, tafadhali."

"Ya nini? Ni friji tu. Haina kitu."

"Basi fungua tuone haina kitu."

Mkono wake ulikwenda moja kwa moja nyuma ya fundo, kidole kikaingia chini, kikavuta mara moja. Kamba ikaanguka yote sakafuni. Njogu akapiga mluzi. Bibi, aliyekuwa ameletwa mlangoni kwa mkono wa Koplo Apondi, aliegemea fimbo yake. Aliitazama ile kamba na akawa amejua kila kitu.

Kiondo kilikuwa kwenye rafu ya kati, kimeviringishwa kwa leso safi. Mdomo wake ulikuwa umeshonwa upya, kwa utaratibu na upole, kama vile mtu angefunga kidonda.

"Nzilani Musila," Omolo alisema, "hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumiwa kama ushahidi."

"Andika," alisema Nzilani. "Andika yote, nimechoka nayo."

Hakulia. Alizungumza kama mwalimu anayesoma majina ya darasa.

"Jana nilikuwa na hasira, nikasema nitakichoma. Nilipasua katoni nikitoka Kajiado, mama akiwa amelala mchana. Nilienda nacho mpaka kwa pipa la taka, na kiberiti. Nikasema, wacha kwanza nione ni nini hii Elsie alionyeshwa na mimi sikuonyeshwa. Nikaona kofia. Sikuweza tena kuchoma. Nikakishona nikaficha. Lakini hasira haikuisha. Asubuhi katoni ilipofunguliwa nikamnyooshea kidole."

"Alikukosea nini?"

"Alicheka na mama yangu." Hapo sauti ilipanda. "Miaka kumi na miwili, Inspekta! Mimi ndiye naosha hii miguu. Mimi ndiye najua tembe ya asubuhi na ya jioni. Nilinyimwa kuwa mwalimu mkuu huko Entarara kwa sababu nilisema siwezi kumwacha. Miaka mitano nikimbembeleza tutoke kwa hii nyumba kubwa, tutafute ndogo ya sisi wawili, ananiambia atazikwa na kuta zake. Elsie anakuja mara mbili, anakunywa chai, na mama anakubali. Na nyumba anayokubali ni ya mtu mmoja! Nikasikia kicheko jikoni, nikakimbia kuona ni nani. Alikuwa mwaitu, mama yangu. Nilidhani alizika kicheko chake na baba. Kumbe alikuwa nacho, ila si changu."

Hata Njogu aliangalia viatu vyake. Omolo alijikuta anafikiria samaki asiye na mwiba, akajilazimisha kuandika.

"Mwaitu," Nzilani akamgeukia mama yake, "kwa nini yeye? Mimi si ni damu yako?"

Bibi alisogea na fimbo yake mpaka wakawa ana kwa ana.

"Aliniuliza," alisema. "Aliketi sakafuni, akashika kile kiondo akauliza, mama, hiki ni cha nani? Miaka sitini hakuna mtu ameniuliza."

"Ulituambia tusiguse!"

"Nilisema msikiguse. Sikusema msiulize."

Nzilani akakigeukia kile kiondo, bado kikiwa kwenye rafu ya friji.

"Umenitunza vizuri sana, mwanangu," bibi aliendelea. "Lakini ulinitunza kama wodi. Dawa, miguu, zima taa. Mimi nilikuwa nesi, najua mgonjwa anavyoangaliwa. Nilitaka kuenda pahali nitakuwa mtu kidogo kabla nife. Na wewe pia uwe mtu. Nilikosea kutokukuambia kwa mdomo wangu. Lakini umemfanya mwanamke wa watu aitwe mwizi."

Omolo alifunga daftari. "Koplo, piga kituo. Elsie aletwe hapa hapa, na akalie kiti cha mbele."

Nusu saa baadaye Elsie alishuka kwenye gari la polisi katika lango lile lile. Majirani walikuwa wamerudi, safari hii wakiwa wamekuja na watoto. Hakumwangalia mtu. Alisimama mbele ya Nzilani, aproni ikiwa imekunjamana.

"Sitaki pole ya hapa kati yetu," alisema. "Uliniita mwizi kwa sauti. Rudisha kwa sauti."

Nzilani aligeukia lango. Alikuwa amesimama mbele ya madarasa kwa miaka thelathini, na sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Huyu dada hakuiba. Niliiba mimi, kwa mama yangu mwenyewe, kwa sababu ya wivu. Mkikutana na mtu amesikia ingine, mwambieni ni Nzilani amesema."

Minong'ono ikapita. Mama mmoja wa nyumba ya kona akasukuma lango, akaja akamshika Elsie mkono na kumuuliza, kwa aibu, kama anaweza kumpitia wiki ijayo, maana mume wake naye ana vitu vingi. Elsie alikubali kwa kichwa, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Afande, mimi sina malalamiko tena," alisema.

"Wewe huna, sheria inayo," Omolo alijibu. "Kutoa habari za uongo kwa polisi ni kosa. Ataandikisha taarifa, atapewa dhamana, Jumatatu atamweleza hakimu." Alitamani kuongeza kitu cha ukali, akashindwa. "Nitamwandikia hakimu kwamba alikiri mwenyewe."

Nzilani alipanda nyuma ya gari bila kushikwa. Omolo alikuwa anawasha injini bibi alipogonga mlango kwa fimbo. Kiondo kilikuwa begani mwake.

"Ngoja, mwanangu."

Omolo akazima. Mama na binti walitazamana kupitia dirisha lenye wavu. Njogu alikuwa ameshafungua mlango wa lori, Elsie akiwa amesimama kando akiwa na kistuli cha kumpandishia bibi, na hakuna aliyemharakisha mtu.

Nzilani aliweka vidole kwenye wavu. Ilimchukua muda kulipata neno, na alipolisema lilitoka dogo, kama la mtoto.

"Mwaitu. Aliitwa nani?"

Bibi aliegemeza paji la uso wake kwenye wavu, juu ya vile vidole.

"Mumo," alisema. "Aliitwa Mumo. Na alikuwa na masikio kama yako."